Koti la Binti wa Bibi

Mtu asinidanganye kwamba sisi hatuijui baridi. Mimi nimezaliwa Lushoto, milimani, na kuni nimebeba tangu sijang'oa meno ya utoto. Kwa hiyo mwaka ule wa sabini na kitu, mafuta yalipopanda bei na Stockholm nzima ikalia, mimi sikulia.

Nilikuwa nasomea uuguzi, nimepanga chumba cha juu kwa bikizee mmoja kule Hässelby, pembeni mwa mji, katika nyumba ya mbao. Siku hizo Waswidi walikuwa wameanza kuitana kwa majina tu, mkubwa kwa mdogo. Nimwite mtu wa umri wa bibi yangu kwa jina lake? Thubutu! Nilimwita Bibi, naye akazoea.

Tangi la mafuta ya kupashia nyumba lilipokauka, Bibi hakuweza kulijaza tena. Sebuleni palikuwa na jiko la kuni la kuotea moto, la vigae vyeupe, refu mpaka darini, halijawashwa tangu mumewe afariki. Jumapili moja binti yake alikuja, akaketi na koti lake, vifungo vyote vimefungwa, akanywa kahawa huku anatetemeka.

"Mama, nitarudi Jumapili ijayo," akasema. "Nikikaa tena humu na koti, unahamia makao ya wazee."

Binti alipoondoka nilimkuta Bibi ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Aliolewa katika nyumba ile, akazaa humohumo. Roho iliniuma kweli.

"Bibi," nikamwambia, "kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Moto niachie mimi."

Tulimwita mfagia dohani, akatoa viota vya ndege na masizi, akasema jiko ni zima. Kuni za marehemu zilikuwa bandani, kavu kabisa. Nikawasha kama tunavyowasha nyumbani: kuni mbili tatu, unazisogeza kadiri zinavyoliwa, moto usizimike kutwa. Haba na haba hujaza kibaba, si ndiyo? Jioni vigae vilikuwa vuguvugu tu, na mimi nina masizi mpaka puani.

"Wewe mtoto," Bibi akasema toka kwenye blanketi lake, "unachemsha chai au unapasha nyumba?"

Ala! Nilikasirika. Mimi nifundishwe kuwasha moto!

Kesho yake akavuta kiti mbele ya jiko, akaanza kuniamuru kama afande. Pasua nyembamba. Simamisha. Jaza! Moto ukanguruma, nikaona kuni za siku nzima zinateketea kwa kitambo kidogo.

"Bibi, huu si ufujaji huu?"

"Ngoja."

Tukangoja mpaka ndimi za buluu zikaisha kabisa juu ya makaa, maana ukifunga mapema hewa ile ya sumu inaua watu. Ndipo akavuta kamba iliyoning'inia kando ya jiko, kibati cha kuziba dohani kikajifunga. Nikadhani na joto limekwisha. Loo! Kumbe ndiyo kwanza jiko linaanza kazi. Vigae vikapata moto taratibu, vikatupa joto mpaka usiku, na mimi nimeegemeza mgongo pale sitaki hata kupanda chumbani. Nikamwambia haya, Bibi, umeshinda. Tangu hapo nilipasua na kubeba kabla ya kwenda darasani, yeye akashika kamba.

Jumapili binti alikuja, akaketi palepale, vifungo vyote vimefungwa. Akaanza kusifia makao ya wazee: dirisha linatazama bustani, chakula kizuri. Bibi macho hayambanduki kwenye vifungo. Mimi nimesimama mlangoni na birika la kahawa, hata kumimina nimesahau.

Binti akafungua kifungo cha kwanza huku anaendelea kusema, wala hana habari. Akafungua cha pili. Halafu akatazama vidole vyake kwenye kifungo. Akanyoosha mkono, akagusa vigae, akauacha mkono pale.

"Nani amewasha jiko la baba?"

"Sisi," Bibi akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Mpokee mwenzako koti, mwanangu. Litundike kule mbali."