Karatasi Ambayo Hakuna Aliyeiona

Jirani yangu Nyirabahire ana mikeka miwili: mmoja wa kulalia nyumbani, mwingine wa kulalia kasho, mahabusu ya polisi. Huu wa pili hukaa nyuma ya mlango, umefungwa kamba, na ndani yake kuna blanketi na kikombe. Askari polisi wamekuja hapa Bihambwe kumchukua mara tatu, na hajaiba hata punje ya maharage ya mtu.

Wanayemtafuta ni mwanawe, Valens. Miaka mitatu iliyopita ng'ombe wa mchuuzi mmoja wa Bweremana alipotea, Valens akatajwa, akakimbilia Mubi, ambako sasa anaendesha pikipiki. Sheria inasema kosa ni la mwenye kulitenda. Lakini mtoto akikosekana, askari wetu hubeba mama. Inanichoma roho, nasema wazi.

Kila mara nilimpelekea bugali huko kasho, nikamwambia, "Mama Valens, uliza manda. Bila karatasi ya kukamata, hawana haki."

Alitikisa kichwa. Watu wa rika lake huogopa karatasi kuliko bunduki.

"Usimwamshe aliyelala, Claudette. Nikiiulizia, wataiandika."

Basi alinyamaza, akalala kwenye saruji, akarudi nyumbani na kikohozi.

Juma lililopita walimjia mara ya nne. Alikuwa ametoka kukamua. Aliweka ndoo ya maziwa chini, akawatazama, na mkeka hakuugusa. Uchovu ulikuwa umemfika shingoni.

"Leo munionyeshe ile manda ya mutoto wangu," alisema. "Nikiiona, nitaingia kasho mimi mwenyewe."

Nilimsindikiza hadi kituoni. Papa Grégoire, mkubwa wa pale, alifungua kabati, akapekua mafaili, akalamba kidole, akapekua tena. Mwishowe akafunga kabati.

"Mama, manda haiko," alisema bila kututazama. "Ile ng'ombe ilionekanaka kitambo. Mwenyewe alisema tuache. Rudia kwako."

"Na zile siku zote nililala humu?"

"Askari walizoea njia ya kwako, Mama."

Ndivyo alivyosema, bila haya. Nilitamani kumtupia kiti.

Njiani nilishangilia peke yangu. Mwenzangu alikohoa tu. Tulipofika alimpigia Valens kwa simu yangu.

"Rudia nyumbani, mutoto wangu. Manda haiko. Hata siku moja haikukuwa."

Kisha nikamsikia Valens akiuliza, polepole, "Mama, walikupatia karatasi yenye kusema kama haiko?"

Nyirabahire alinirudishia simu. Hatukuwa na karatasi yoyote.

Leo asubuhi nimemkuta akiukaza kamba ule mkeka wa nyuma ya mlango. Anarudi kituoni kwa miguu yake kuomba karatasi, na amesema atalala palepale mpaka waiandike.