Ndala za Friji

Nyumba niliyopanga Nkuhungu, Dodoma, ilikuwa na desturi yake. Mgeni akiingia anavua viatu mlangoni, kama ilivyo kwa watu wengi, lakini akitaka maji ya baridi anaambiwa, "Vaa ndala kwanza." Ndala zenyewe zilikaa mbele ya friji, kubwa, za buluu, zisizo za mtu yeyote. Usipozivaa, mlango wa friji unakutekenya mkono mpaka kwenye kiwiko. Majirani zangu wa uani nao walikuwa na ndala zao mbele ya mafriji yao, na walilisimulia jambo hilo huku wanacheka, kama mtu anayesimulia vituko vya mbuzi wake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na mtoto wa kike anayetambaa, karibu aanze kushika vitu asimame, na friji lilikuwa katikati ya njia yake.

Tena mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nawachorea wanafunzi saketi ubaoni: umeme unatoka, unapita kwenye taa, unarudi ulikotoka, na ukikata njia safari imekwisha. Halafu nawachorea waya wa tatu, wa kijani na njano, waya wa ethi, ambao siku zote unakaa bure. Kazi yake ni siku ya kuharibika. Umeme ukivuja ukaingia kwenye bati la friji, waya huo unaupeleka ardhini na swichi kubwa inajikata. Waya usipofika ardhini, umeme unabaki pale pale kwenye bati, unamsubiri mtu mwenye miguu mitupu aje kuwa njia. Ndala zinaiziba njia hiyo. Hakuna maajabu zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nilizima swichi kubwa, nikazunguka nyuma ya nyumba kuutafuta waya wa tatu. Niliukuta unatoka ukutani na kuingia chini. Nikauvuta kwa vidole, ukatoka wote. Fundi aliyejenga alikuwa ameufukia kina cha kiganja kwenye vumbi, akaukandamiza kwa jiwe. Hapakuwa na nondo ya shaba ya kupigiliwa ardhini wala chochote. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu kiasi kwamba hata nondo ndefu inahitaji kumwagiwa maji ili ifanye kazi, na huyu bwana aliweka jiwe.

Nilimfuata baba mwenye nyumba dukani kwake. Nikamwamkia vizuri, nikamweleza taratibu. Alinisikiliza huku akipanga sabuni.

"Mwalimu, friji ni lako, halafu unailaumu nyumba yangu."

"Friji linavuja, baba, sikatai. Lakini ethi imewekwa kwa ajili hiyo hiyo. Na pasi nayo inatekenya, na jiko pia."

"Wapangaji wangapi wamepita pale? Amekufa nani?"

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Majirani wakaniambia nimezidi, nyumba zote ziko hivyo, kwani ndala bei gani.

Mama yangu alikuja kutoka Kibakwe kunisaidia kulea. Kwake, kutembea na ndala juu ya sakafu iliyopigwa deki ni ukosefu wa adabu, hata umwambie nini. Nilimwambia kuhusu friji, akaitikia, "Haya, mwanangu," kama mtu anavyomwitikia mtoto mwenye maneno mengi. Asubuhi moja akapiga deki, na kabla sakafu haijakauka akaenda kuchukua maziwa ya mjukuu. Nilisikia kishindo. Nilimkuta amekaa kwenye maji, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani.

"Kitu kimenishika," alisema. "Kilikataa kuniachia."

Mpaka jioni hakuweza kushika kikombe. Nilichomoa friji, nikampelekea baba mwenye nyumba taarifa, naye akajibu kwa kuuliza kama huyo bibi hakuambiwa avae ndala. Yaani kosa likawa la miguu ya mama yangu.

Hata hivyo baba mwenye nyumba ni mtu wa mila. Kesho yake alikuja kumpa mama pole. Akavua viatu mlangoni, akaketi, akamwambia mama kwamba ajali haina kinga. Jua lilikuwa kali na shati lilikuwa limemganda mgongoni. Sakafu mama alikuwa ameipiga deki tena, kwa mkono wa kushoto.

"Karibu maji ya baridi, baba," nikamwambia. "Yako kwenye friji. Usione haya, nyumba ni yako."

Akainuka. Akafika mbele ya friji, akaangalia chini, akachungulia chini ya meza.

"Ndala ziko wapi?"

"Za nini, baba?"

Friji lilikuwa bado limechomolewa, lakini yeye hakujua. Alisimama pale kwenye maji na soksi zake, mkono ameunyoosha nusu, kisha akaurudisha.

"Basi," alisema. "Sina kiu sana."

Mama alimtazama, halafu akautazama mkono wake mwenyewe. Fundi aliyetumwa na mwenye nyumba alikuja wiki hiyo hiyo. Alipigilia nondo ya shaba karibu na bafu, mahali ambapo maji ya kuogea huilowesha ardhi mwaka mzima, akaunga waya, akapima, akalichomeka friji tena. Nilisimama nyuma yake mpaka mwisho. Vyumba vya majirani havikuguswa, kwa sababu wao hawakulalamika, alisema mwenye nyumba.

Mtoto wangu alisimama kwa mara ya kwanza akiwa ameshika mlango wa friji lile. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeganda ukutani, kidole kwenye swichi ya friji.