Mbuzi ya Nazi Kutoka Mkumbara

Baba alikuwa hali samaki wa baharini ila Korogwe. Kwetu Handeni wanafika pia, wengine kwenye ndoo za barafu na wengine wamekaushwa, lakini yeye alidai wakishafika kwetu wamechoka safari na hawana ladha. Basi tangu mama afariki, kila likizo ya shule nilipanda naye basi la asubuhi, tukashuka Korogwe, tukatembea polepole mpaka Manundu kwa mama mmoja anayekaanga changu na kolekole wanaotoka Tanga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo zangu za miaka tisa zimeishia kwenye benchi la mama yule.

Nyumbani alikuwa anadokoa tu, kama mgeni mwenye haya. Pale Manundu alikula changu mzima kwa ugali, akanyonya kichwa, akapanga miiba pembeni mwa sahani, kisha akaomba supu ya pweza juu yake. Nilipenda kumwangalia akila. Nilijiambia kwamba ninamtunza vizuri, na nikiri kuwa nilijisifia hivyo hata mbele ya walimu wenzangu.

Tukishakula tulikwenda kuangalia vitu vya zamani. Nyuma ya soko kulikuwa na mwanamke wa makamo aliyeuza chini ya turubai kila kitu ambacho watu wa sasa hawakitaki: pasi za mkaa, redio za mbao, saa za ukutani zilizotoka kwenye nyumba za mashamba ya mkonge, masinia ya shaba, vinu vilivyotoboka. Baba alishika kimoja kimoja, akaeleza kilivyotumika, akabisha bei ya vitu ambavyo hakuwa na nia ya kuvinunua. Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu. Nilitafuta mbuzi ya kukunia nazi inayofanana na ya mama.

Mama alizaliwa upande wa Pangani, akaolewa huku bara kwa Wazigua, na katika vyombo alivyokuja navyo mbuzi ile ndiyo aliyoipenda. Aliikalia kila Ijumaa akakuna nazi ya kupikia papa mkavu, na harufu yake ilitufikia tukiwa bado njiani kutoka madrasa. Nyumbani sasa kuna brenda. Baba hakuwahi kulalamika juu ya brenda. Aliacha tu kula chochote chenye nazi.

Mbuzi haikupotea. Ilichukuliwa siku ya maziko, na mimi ndiye sababu ya kutorudi kwake.

Baba alikuwa na mtani wake, mzee wa Kisambaa wa Mkumbara. Ukoo wake na wetu zilitaniana tangu enzi za babu zao, na wao wawili walikuwa wanatukanana kwa raha kila walipokutana. Siku ya msiba wa mama alikuja kufanya kazi ya mtani. Alivaa kanga ya marehemu, akaigiza alivyokuwa akitembea kwa kuchechemea, akadai kwamba haziki mtu mpaka apewe chai yenye sukari ya kutosha, maana marehemu alikuwa bahili wa sukari. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Baba naye alicheka. Kisha mtani akaingia jikoni, akatoka na mbuzi ya nazi kichwani, akatangaza kwamba hairudi mpaka tuikomboe kwa jogoo. Mwenye kukomboa kwa desturi yetu ni mtoto mkubwa wa marehemu, na mtoto mkubwa ni mimi.

Nilikuwa nimemuuguza mama miezi minne. Sikuwa nimelala. Hasira yangu iko karibu hata siku za kawaida, na siku ile nilikuwa nimejaa mpaka shingoni. Nilimvua ile kanga mbele ya watu. Nilimwambia kwamba mama yangu si kichekesho, kwamba yeye ni mzee asiye na adabu, na atoke kwetu asirudi. Mtani hakubishana. Aliinama, akaokota ndala zake, akaondoka na mbuzi, kwa sababu kitu alichokichukua mtani hakiachwi njiani. Hakurudi tena. Na baba, ambaye hakuwa amekosea chochote, hakuwa na uso wa kumfuata.

Ningeweza kwenda kuikomboa. Kutoka Korogwe kwenda Mkumbara si safari ya kumtisha mtu. Lakini kila nilipofikiria kuingia uani kwa mzee yule nikiwa nimeshika jogoo, aibu ilinirudisha. Nikaona rahisi zaidi ninunue mbuzi nyingine kuukuu, niiweke jikoni, tusahau. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu wote.

Likizo ya mwezi wa sita mwaka jana, yule mama wa turubai alituambia ameletewa mzigo mpya. Baba alitangulia. Nilimkuta amechuchumaa, mkono wake uko chini ya kiti cha mbuzi ya nazi, anapapasa. Mguu mmoja ulikuwa umezungushiwa bati la kopo la mafuta, lililopigiliwa kwa misumari mifupi. Bati lile alilipigilia yeye mwenyewe, mimi nikiwa darasa la tatu, baada ya mguu kupasuka.

Aliuliza imetoka wapi. Muuzaji akasema imetoka Mkumbara, kuna mzee alifariki mwezi wa Ramadhani, watoto wake wanaishi Dar, walipomaliza arobaini wakauza vitu vya ndani. Akaongeza, akidhani anapandisha thamani ya bidhaa, kwamba mjane alikuwa hataki kuitoa. Alisema si yao, imewekwa tu, ina wenyewe watakaokuja.

Baba hakunyanyuka. Nilidhani magoti yamemgomea, nikamshika kwapa nimwinue, akanitoa mkono.

"Nani alimtania?" akaniuliza.

Sisi ndio tuliokuwa watani wake. Sisi ndio tuliotakiwa kuvaa kanzu yake, kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka, kuiba sufuria ya mkewe. Mzee yule alizikwa na watu wanaolia tu, kama mtu asiye na kwao, na hatukupewa hata taarifa, kwa sababu nilishamwambia asirudi kwetu.

Nililipa bei niliyotajiwa. Baba alikataa turudi stendi kupanda gari la Handeni. Tulinunua jogoo sokoni, mwekundu, tukapanda gari la kwenda Mombo linalopita Mkumbara, jogoo miguuni kwangu na mbuzi mapajani kwa baba. Aliangalia nje mpaka milima ilipoanza kutukaribia upande wa kulia. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Kila ukinileta Korogwe, nilikuwa nasema moyoni leo labda utaniambia tuendelee mbele."

Miaka tisa. Mimi nilidhani anafuata samaki. Nililia garini, na kondakta akajifanya haoni.

Mjane alitupokea bila neno baya, na hilo liliniumiza kuliko kama angenifukuza. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikampa jogoo. Alimpokea, akamfunga kwenye mguu wa kitanda cha kamba, akamtazama baba akasema amechelewa kama kawaida ya Wazigua. Lilikuwa jaribio la utani. Sauti yake ilikatika kabla hajalimaliza.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Udongo ulikuwa umeanza kutitia. Baba alisoma Fatiha, akapangusa uso, akasogea mbele hatua moja akiegemea fimbo yake.

"Wewe mwizi," akasema. "Umekaa na kitu cha mke wangu miaka yote, kazi kula nazi za bure. Ona tumbo lilikokupeleka." Alijaribu kucheka. Alivuta pumzi aendelee, na hakuna kilichotoka. Mjane alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Ndege walikuwa wanalia kwenye migomba, na sisi watatu tumesimama.

Baba akanigeukia. "Mtukane," akasema. "Mimi nimeshindwa. Wewe ndiye mtani wake sasa."

Nilitafuta. Nawafundisha watoto methali, mashairi na insha, nina maneno ya kumfokea mtoto mtoro mpaka akalia, na siku ile msibani niliyapata upesi maneno ya kumfukuza mzee huyu mbele ya kaumu. Sasa nilikuwa nahitaji tusi moja tu la mapenzi, lolote, hata kwamba alikuwa na masikio makubwa. Sikulipata. Utani hujifunzi siku ya haja; ningejifunza kwake, akija kwetu miaka tisa ile, akinywa chai yetu na kuisema vibaya.

"Samahani," nikasema.

Baba alifumba macho. Samahani ni neno la kumwambia mtu baki. Mtani haombwi radhi.