Maombi Makavu ya Fundi Makochi

Kanisani walimwita Tanuri, na jina likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Alikuwa fundi wa makochi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kukwaruza. Akianza kuomba, watu walisukuma viti nyuma wapate pa kupigia magoti. Aliokoka akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa miaka mingi baada ya hapo aliweza kugongomea kitambaa kwenye kochi huku machozi yanamtoka kwa kumfikiria Mungu tu. Wateja walidhani ni vumbi la sponji.

Kisha machozi yakakauka, na hakujua ni lini. Hakuwa ameanguka dhambini, wala hakufiwa. Siku moja aliinuka kutoka kwenye maombi akagundua kwamba muda wote ule alikuwa anawaza kochi la daktari, lile lililovunjika mguu wa nyuma.

Alijikaza. Alifunga siku tatu, akaambulia kizunguzungu. Alisoma Zaburi kwa sauti mpaka koo likauma. Mkewe, aliyekuwa ameomba naye kila alfajiri tangu waoane, alivumilia wee, mwisho akasema.

"Baba watoto, usinielewe vibaya. Siku hizi unaomba kama mtu anayesoma tangazo la msiba."

"Nimechoka tu, mama."

"Kuchoka gani huku kwa miaka miwili?"

Aliogopa kulitamka jibu lenyewe, maana likishatamkwa lisingerudi mdomoni.

Ndipo akamkumbuka mwinjilisti mzee, yule aliyemwongoza sala ya toba zamani zile. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, analala kwa binti yake, mwendo wa saa moja kwa miguu. Tanuri alijiambia kwamba aliyeuwasha moto ndiye atakayejua kuuchochea. Jumamosi alifunga karakana mapema, akavaa shati la ibada, akaenda. Njiani alihisi moyo umekuwa mwepesi kidogo, jambo ambalo hakuwa amelihisi siku nyingi.

Binti alimwingiza chumbani. Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, Biblia iko mezani imefungwa, miwani juu yake. Alipomtambua mgeni wake, macho yalimjaa machozi.

"Tanuri. Nimekungoja sana, mwanangu."

"Mzee wangu, nimekuja uniombee." Tanuri alivuta kigoda akakaa karibu na kitanda, akayamwaga yote: ukavu, kufunga, kochi la daktari. "Sisikii kitu. Naongea na dari. Nionyeshe nilipokosea."

Midomo ya mzee ilifanya kazi kwa shida.

"Mimi moto wangu ulizimika kabla hujaoa," alisema. "Nilihubiri hivyo hivyo. Watu wakaokoka, nami nikarudi nyumbani mtupu. Kila nilipokuona unaomba, nilisema moyoni, huyu bado anao. Siku moja atakuja kuniwashia."

Tanuri alimtazama. Alitaka kukasirika, akakuta hata hasira hana.

"Kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unafurahi." Mkono ule mzima ulipapasa juu ya shuka, ukamshika kidole. "Niombee, basi. Umeshafika."

Akaomba. Maneno yalikuja yenyewe, yamepangika vizuri, kama yalivyokuja maelfu ya mara. Aliomba rehema, akaomba Roho, akaomba furaha ya wokovu. Chumbani hakukubadilika kitu. Alipomaliza, mzee alisema amina kwa upole, kama mtu anayemshukuru mgeni kwa chai iliyopoa, kisha akageuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni. "Mzee amesemaje?"

"Anakusalimia."

Mkewe alimwangalia usoni, akaelewa, akaenda kumwekea maji ya kuoga.

Kesho yake ibadani mchungaji alimwita mbele aongoze maombi. Aliongoza. Viti vilisukumwa, watu wakalia, na mama mmoja mjane alimfuata nje akamshika mikono yote miwili, akasema leo Bwana amemgusa. Tanuri alimwambia, "Mungu akubariki." Alimtazama mama yule anavyokwenda zake, amechangamka, akamwonea wivu.

Jumatatu alifungua karakana. Kabla ya kushika nyundo alipiga magoti katikati ya mabaki ya sponji, akasema, "Baba, nipo." Hakupata cha kuongeza. Alikaa hapo mpaka magoti yakafa ganzi na mteja wa kwanza akabisha hodi. Kisha akainuka, akamkaribisha, akamuuliza anataka kitambaa cha rangi gani.