Mkojo wa Kuazima Ulivyokaribia Kumponza Zamda

Saa mbili asubuhi, Benedikta Chilumba anashika mrija wa kioo kwa kibano cha mbao na kuupitisha juu ya taa ya spiriti. Mkojo unachemka, ukungu unatanda. Anadondosha matone matatu ya siki ya maabara, anauinua mrija kwenye mwanga wa dirisha na kusubiri. Ukungu unatoweka.

"Safi. Anayefuata!"

Ukungu ungebaki, mweupe kama ute wa yai lililoiva, ungekuwa na maana ya protini. Kwa mjamzito, hiyo ni dalili kwamba huenda presha inapanda na kifafa cha mimba kiko njiani.

Benedikta, mwenye umri wa miaka 34 na mzaliwa wa Ndanda, ni mhudumu wa kliniki ya wajawazito nyuma ya soko jipya la Kariakoo, ambalo bado linajengwa. Kwa siku hupima chupa sitini hadi themanini. Spiriti ni nusu lita kwa wiki. Ikiisha, huchemshia jiko la mafuta ya taa alilolitoa nyumbani kwake.

Hadi mwaka jana, kinamama walikuja na mkojo kutoka nyumbani, chupa zimefichwa ndani ya khanga. Kupita nazo sokoni kulikuwa aibu, na wengine waliziacha makusudi.

Februari mwaka jana, Zamda Mwinyimvua wa Mtaa wa Swahili, mwenye mimba ya kwanza ya miezi minane, alifika mikono mitupu. Rafiki yake Sitara akammiminia nusu ya chupa yake.

Mirija yote miwili ilitoka safi. Lakini Benedikta aliuona uso wa Zamda umevimba, na pete imezama kidoleni.

"Mdogo wangu, huu mkojo ni wako?"

Zamda akainama. Sitara ndiye aliyejibu: "Nimemgawia, dada. Si mkojo tu?"

Foleni ikaangua kicheko. "Jamani, siku hizi tunagawiana hata mkojo kama sukari ya duka la ushirika!" akasema mama mmoja.

Benedikta hakucheka. Alimpa Zamda vikombe viwili vya maji, akamkalisha karibu na choo. Baada ya saa moja mkojo wake ulichemka, siki ikadondoshwa, na ukungu ukabaki. Muuguzi akapima presha: 170 kwa 110. Gari likampeleka hospitali kubwa ya Upanga mchana uleule.

Alijifungua mtoto wa kike baada ya siku mbili. Wote wawili wazima.

"Dada Bene angeandika 'safi' angekuwa hajakosea, maana mkojo ulikuwa safi kweli," anasema Zamda, mtoto mgongoni. "Ila ningekufa mimi. Namshukuru Mungu, na yeye namshukuru kila ninapomnyonyesha huyu."

Tangu siku hiyo, kila mjamzito hutoa mkojo palepale kliniki, mmoja mmoja.

Benedikta naye anashukuru: Julai anaanza mafunzo ya usaidizi wa maabara. Atakwenda na daftari lenye majina ya kinamama 41 waliougua presha, na alichokiona kwenye mikojo yao tangu siku yao ya kwanza kliniki.

"Ukungu hutokea ugonjwa umeshaingia," anasema. "Lazima kuna kitu kwenye mkojo kinachotangulia, labda mwezi wa tatu au wa nne wa mimba. Mimi sikijui. Nitawauliza walimu, na wasipokijua, nitawaomba tukitafute."