Mama Mkwe Amekalia Ngazi ya Bwawa Langu

Jameni, naandika hii nikiwa ndani ya maji na siwezi kutoka.

Mnalijua lile bwawa jipya la kuogelea nililosimamisha hapa nyumbani Rusinga. Leo nimepima maji, nikaongeza dawa mpaka vipimo vikawa sawa, kisha nikamwaga gunia zima la chumvi.

Maagizo ninayo kwa simu: koroga mpaka chumvi iyeyuke, ndipo uwashe mashine ya kugeuza chumvi kuwa klorini ya kusafisha maji.

Nikavua nguo, nikaingia na ufagio wa kukorogea, simu mkono wa pili. Nimebaki na chupi tu. Si niko peke yangu?

Geti ikafunguka.

Mama mkwe! Na dadake! Na walisema ni kesho, haki.

Nikazama mpaka shingoni. Sisi Wajaluo, hata kula meza moja na mama mkwe ni shida. Sasa aone mapaja yangu?

Bado hawajaniona, wamenipa mgongo. Mama magoti yanamsumbua, kwa hivyo ameketi kwenye ngazi. Na ngazi ni hiyo moja tu.

Nusu saa sasa nimepiga magoti juu ya chumvi ambayo haijayeyuka.

Nifanyeje? Semeni haraka.

Ngojeni. Anamwambia dadake, "Wacha nimpigie mkwe wangu simu, nimwambie tumefika."

Simu yenyewe ndiyo hii ninayoandikia.