Huyu Panzi Si Mtoto

Mwalimu wangu wa chuo kikuu aliitazama picha ya panzi wangu mara moja tu. "Huyo ni tunutu," akasema. "Msubiri aote mabawa, ndipo uniletee." Tunutu ni panzi mtoto, na panzi mtoto hapewi jina la kisayansi. Nilitoka ofisini kwake nimevimba kwa hasira. Panzi wangu alikuwa mtu mzima kabisa, na mabawa hakuwa nayo wala hangeyapata maishani mwake.

Nilikuwa nimewakamata wawili, dume na jike, kwenye kipande cha msitu nyuma ya Lugoba: wafupi, wa rangi ya majani makavu, na mstari wa manjano chini ya jicho. Nilipekua kila kitabu nilichoweza kukipata, sikuona anayefanana nao. Niliporudi kutafuta wengine, nusu ya msitu ilikuwa imeshageuzwa mkaa. Nikaenda ofisi ya kijiji kulalamika. Ofisa mmoja alinisikiliza kwa upole, kisha akauliza, "Sasa huyo mdudu unayetaka tumlinde anaitwa nani?" Jina hakuwa nalo. Siku ile niliapa kwamba jina atapata, mwalimu apende asipende.

Nyumbani Bagamoyo naishi na shangazi yangu, anayeuza barafu za ukwaju. Panzi niliwaweka kwenye ndoo ya plastiki, udongo chini, kipande cha chandarua juu. Dume alikufa mapema, na sisimizi wakamla kabla sijamhifadhi. Shangazi alinisimanga bila huruma: "Wenzio wanalea watoto, wewe unalea panzi." Lakini nikisafiri, yeye ndiye aliyemlisha jike, na nilijua anamchagulia majani laini.

Siku moja nikiwa stendi ya Chalinze, simu ikaita. Nikasema shikamoo, hata marahaba hakuitikia.

"Mwanangu, panzi wako kakwama! Mkia wote umezama kwenye udongo. Nimvute?"

"Usimguse!" Nilipiga kelele mpaka muuza korosho akageuka. "Anataga, shangazi! Chukua video, tafadhali!"

Video yenyewe inatikisika, na nusu yake ni kidole gumba cha shangazi. Hata hivyo jike anaonekana vizuri, ameinama, mkia udongoni. Sauti ya shangazi inasikika ikimbembeleza: "Polepole, mama. Usiogope." Kesho yake nilimwonyesha mwalimu. Aliiangalia mara tatu.

"Tunutu hatagi," akasema mwishowe. "Haya, andika. Lakini jike mwenyewe lazima ahifadhiwe."

Hilo nilikuwa nalijua tangu mwanzo. Aina mpya ya mdudu haielezwi kwa maneno na video tu. Lazima awepo mmoja aliyekufa, amewekwa kwenye makumbusho, ili yeyote mwenye shaka akamtazame. Shangazi ndiye hakujua. Nilimwambia jikoni, akiwa anafunga barafu zake.

"Kumbe tulimlisha ili umuue?"

"Asipokuwepo wa kuonyeshwa, shangazi, hapati jina. Na bila jina ule msitu utakwisha wote, na wenzake waliobaki humo."

Nilikuwa nalia, sisemi uongo. Lakini kichupa kilikuwa mkononi, na jike alikuwa ndani yake, anatafuna jani. Baridi humuua mdudu bila kumharibu, na friza iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya shangazi. Nilikuwa tayari agombe, anifukuze, nikaombe friza kwa jirani. Nisingerudi nyuma.

Hakugomba. Alifungua friza, akaanza kuhamisha vifurushi vya samaki, kimoja kimoja, mpaka upande mmoja ukabaki mtupu. Akaufuta kwa kitambaa safi.

"Mweke hapa," akasema. "Asilale na samaki."

Kwenye kibandiko chake nimeandika "jike, mpevu" kwa mkono wangu mwenyewe. Maelezo yamechapishwa, jina amepata, na nakala ya kupeleka ofisi ya kijiji iko mkobani. Ndoo bado ipo ukumbini, na ndani yake udongo wenye mayai. Nilimwambia shangazi aniachie kazi ya kuunyunyizia maji. Kila asubuhi nikiamka, nakuta umeshalowa.